Siku Tulipokula Kura Zetu na Bugali

Wajukuu wangu wakianza kubishana mambo ya uchaguzi, mumoja anataka kandida anayesema tuendelee vile tuko, mwingine anataka yule anayesema tugeuze kila kitu, mimi nacheka mpaka wananiletea maji. Wananiuliza, babu, wewe ungemupa nani? Nawaambia, hilo swali mimi nilishalila zamani. Nililila na bugali, nikalamba vidole. Wanadhani ni akili ya uzee. Hapana. Ni kweli tupu, na pale nitakapoongeza chumvi mutajua wenyewe, maana mimi chumvi yangu haifichi.

Ilikuwa kabla ya uhuru, siku zile Bujumbura ikiitwa bado Usumbura. Tulikaa kati ya Rumonge na Gatete, kwenye mingazi, miti ya mawese. Mingazi ilikuwa mingi mpaka mvua ikinyesha leo, sisi chini tunalowa kesho kutwa. Mimi nilitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kijana na shati moja, na hilo shati lilikuwa na mukono mumoja na nusu. Kazi niliyopata ni kupanda. Unajifunga kamba na muti, unapanda na panga kiunoni, unakata kichala cha ngazi, ndiyo matunda yake, kinaanguka chini kama ng'ombe ametupwa kutoka mbinguni. Halafu ngazi zinachemshwa, zinatwangwa, zinakamuliwa, mawese yanatoka mekundu.

Sasa ujue kitu kimoja. Kwa sisi wote pale, familia zote, kulikuwa na pipa moja tu la chuma la kuchemshia. Moja. Na pipa lilikuwa na mwenyewe wa kupanga zamu, tulimuita kapita wa pipa. Alikuwa muzee mufupi, mukavu, ukimuona kwa mbali unadhani ni fimbo imeacha mwenyewe nyumbani. Hakujua kusoma, lakini zamu zote zilikuwa kichwani mwake: leo nyumba hii, kesho ile, kesho kutwa mujane wa kule bondeni. Hakukosea hata mara moja. Na hakugeuza kitu hata mara moja. Pipa alilikoroga kuelekea kulia. Siku moja nilikoroga kuelekea kushoto, akaninyang'anya muti, akakoroga kulia mara tatu, kama mutu anayefungua kitu nilichofunga.

Huyo muzee alikuwa na binti.

Binti mwenyewe sitamusifu sana, maana iko hapo ndani anasikia, na nikimusifu ataniomba kitenge. Nitasema tu kwamba alipokuwa anachota maji ziwani, samaki mukeke walikuwa wanakuja pwani wenyewe kumuona, na wavuvi walilalamika. Posa yangu ilikuwa imeshakubaliwa. Muzee alisema mbele ya mujomba wangu aliyevuka ziwa kwa ajili hiyo: msimu wa ngazi ukiisha, kuja umuchukue. Nilikuwa nahesabu vichala vilivyobaki juu ya miti kama mufungwa anavyohesabu siku.

Lakini nilikuwa na jambo lingine pia, na hili sikumwambia mutu. Nilikuwa nimeanguka. Kamba ilikatika nikiwa juu, nikaanguka nikafika chini kabla ya kivuli changu. Nililala siku nne. Nilipoamka nikapanda tena, maana nitafanya nini, lakini kutoka siku ile kila nikishika muti magoti yangu yanaanza kupiga ngoma. Sikulala vizuri. Nikikaa nasimama, nikisimama natembea. Nilitaka yule binti, na nilitaka miguu yangu ibaki chini. Nilitaka vyote viwili, na ni hapo taabu ilianzia.

Maana kulikuwa na kijana mumoja. Alikuwa amefanya kazi kwenye makamyo ya Usumbura, amerudi na viatu. Viatu viwili, vya muguu wa kulia na wa kushoto, sawa kabisa. Alikuwa rafiki yangu. Huyo alisema, jamani, Usumbura nimeona presi, ni mashine ya chuma, unaweka ngazi, unazungusha mukono, mawese yanatiririka kama mukojo wa ng'ombe. Tukiwa na presi na mapipa matatu, zamu zinakwisha. Na mimi aliniambia pembeni:

"Ndugu yangu, presi itahitaji mutu wa kuizungusha. Wewe hautapanda tena."

Yaani alijua. Nilidhani nimeficha, kumbe magoti yangu yalikuwa yanasema kwa sauti.

Basi ndipo bwana mumoja wa chama akaja na kamyoneti. Akasema uchaguzi wa komine unakaribia, chama kinataka watu wa mingazi walete jina moja, mutu mumoja atakayesimama kwa jina lenu, awe konseye, diwani wa komine. Chagueni nyinyi wenyewe kwa nyinyi. Nitarudi wiki ijayo, siku ya soko, kuchukua jina. Akapiga honi, akaenda. Sisi tukabaki tunaangalia vumbi.

Majina yalikuwa mawili tu: muzee wa pipa na kijana wa viatu.

Wiki ile hakuna mutu alifanya kazi vizuri. Watu walitwanga kwenye kinu hakuna kitu ndani. Kila jioni kabla ya giza walikutana kwenye pipa, na maneno yalichemka kuliko ngazi. Muzee alisimama na muti wake wa kukorogea, akasema:

"Mimi sina ahadi. Vile iko, itabaki. Nani amewahi kulala njaa kwa zamu yangu?"

"Hakuna, muzee."

"Nani amewahi kupigana kwenye pipa langu?"

"Mara moja," mama mumoja akasema. "Na wewe ndiye ulipiga."

Watu wakacheka. Muzee hakucheka. Akasema, "Nilipiga kwa zamu."

Halafu kijana akapanda juu ya jiwe, viatu vionekane. "Zamu, zamu! Mutu ngazi zake zinaoza anangoja zamu. Serikali inageuka, mufalme atapata nchi yake, Wazungu wanafunga masanduku, na sisi tunabaki na pipa moja kama yatima na sahani moja? Presi iko Usumbura. Mwenye sauti kwa komine ndiye ataileta."

"Hiyo presi inakula nini?" yule mama akauliza.

"Haili kitu, mama."

"Inalewa?"

"Hapana."

"Basi nitaolewa nayo. Huyu wangu achukue nguo zake."

Bwana yake alikuwa pale, akasema na yeye anakubali kama presi inajua kupika.

Mimi nilicheka na wote, lakini ndani nilikuwa kama ndagala kwenye mchanga wa moto, naruka hapa, naruka pale. Kijana aliniuliza, wewe iko na mimi? Nikasema, ego, ndiyo ndugu, kabisa. Nikageuka, muzee iko nyuma yangu na muti wake. "Wewe iko na mimi, sivyo?" Nikasema, ndiyo baba, wapi tena? Niliwaahidi wote wawili, na kama angekuja wa tatu ningemuahidi na yeye. Usiku uleule kichwani nilikuwa namuacha muzee ashinde ili nipate mke, na kabla jogoo hajawika nimeshamuacha kijana ashinde ili nisivunje shingo. Nilikuwa mapinduzi na mimi ni serikali.

Na watu walikuwa wananiuliza mimi! Kwa sababu napiga domo. Mujane wa bondeni alinishika mukono akasema, mwana wangu, wewe unaonaje? Kwa muzee najua zamu yangu iko wapi, haijapita hata siku moja. Huyu kijana atatuletea mashine, sawa, lakini mashine ikiharibika nitamukuta wapi, iko na viatu, atakimbia mbio. Nikamwambia iko na haki. Halafu nikamukuta mupandaji mwenzangu, akasema, tutapanda na kungoja pipa mpaka lini? Mutu akisema hatageuza kitu, maana yake na shida zako hatagusa. Nikamwambia na yeye iko na haki. Nilikuwa nagawa haki kama mutu anayegawa chumvi ya jirani.

Siku ya soko ikafika. Namna ya kupiga kura ilitusumbua. Kijana alitaka karatasi. Karatasi tuliyopata ni moja, ilikuwa imefunga tumbaku, na aliyejua kuandika ni yeye peke yake, kwa hiyo watu walikataa. Mutu mwingine akasema tutumie mawe. Wakasema, mawe yako mengi, mutu atabeba mufuko. Mwisho tukakubaliana: ngazi. Ngazi mbivu, moja kwa kila anayekamua, mwanaume au mwanamuke, kwa sababu wanawake walisema bila wao mawese hayatoki na ni kweli. Na ili mutu asilete zake toka nyumbani, muzee na kijana walikaa pamoja, kila ngazi wakaikwaruza na kisu kidogo, alama moja. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wanafanya kazi bega kwa bega. Walikwaruza vizuri sana.

Vyungu viwili viliwekwa ndani ya jiko la muzee, nyuma ya mukeka, kwa sababu ndiyo nyumba iliyokuwa karibu na pipa. Chungu cheusi cha muzee, chungu chekundu cha kijana. Unaingia peke yako, unaweka ngazi yako, unafunika, unatoka. Na mulinzi wa vyungu wakanichagua mimi. Muzee akasema, huyu ni wetu. Kijana akasema, huyu ni wetu. Mimi nikasema, murakoze, asante.

Zamu yangu ilipofika niliingia. Nilishika ile ngazi mpaka ikapata joto. Nikamuwaza binti. Nikaiwaza kamba. Magoti yakaanza pale chini, kwenye ardhi kabisa, bila muti wowote. Nikaiweka kwenye chungu chekundu. Nikatoka nimetokwa jasho kama niliyekata vichala mia.

Watu wakamaliza mapema, muzee mwenyewe wa mwisho, jua halijafika kichwani. Bwana wa chama alisema atakuja muchana, tuhesabu mbele yake. Muchana ukafika, hakuna kamyoneti. Mimi nimekaa kwenye mulango wa jiko. Nikasimama. Nikakaa. Nikaingia, nikainua chungu cheusi kidogo tu, nikakirudisha. Nikainua chekundu. Wallahi, chekundu kilikuwa kizito. Na vilikuwa vyungu ndugu, kutoka kwa mufinyanzi mumoja, nilivipima vitupu asubuhi. Mukono wangu umebeba ngazi maisha yote, haudanganyiki. Kijana alikuwa ameshinda, tena kwa mbali.

 Nimeshajua, na siwezi kusema. Furaha ikaja: sipandi tena! Nyuma yake woga: muzee akishindwa, atasema nini juu ya binti? Nikatembea mpaka barabarani kuangalia vumbi la kamyoneti. Hakuna. Nikarudi. Nikaenda tena. Kutoka jiko mpaka barabara nilitengeneza njia mpya siku ile, mpaka leo mbuzi wanaitumia. Mara ya mwisho nilikaa barabarani muda murefu, maana kuna mutu wa baisikeli alisema kamyoneti imekwama mutoni, wanaisukuma, nikataka kujua inasukumwa na watu wangapi, na kama bwana wa chama na yeye anasukuma.

Nilipokuwa narudi, ndipo nilisikia harufu ya uchaguzi.

Ilikuwa harufu nzuri. Hiyo ndiyo mbaya yake. Muchuzi wa ngazi, na vitunguu, na mukeke ndani. Nikakimbia. Mke wa muzee na dada zake wawili, wote walikuwa wametoka sokoni Rumonge wamebeba samaki, maana walipiga kura kwanza kabisa asubuhi wakaenda zao. Muzee aliwaambia: mugeni atakuja, pikeni. Wameingia jikoni wakakuta vyungu viwili vya ngazi mbivu karibu na moto. Sasa niambie, kwa watu wa mingazi, chungu cha ngazi karibu na moto kinangoja nini? Hakuna mama wa pwani yetu angeuliza. Walimwaga vyote pamoja wakachemsha.

"Mama," nikasema, sauti kama ya kifaranga, "zile ngazi..."

"Zilikuwa kidogo," mama mukwe akasema, anakamua na mikono miwili. "Nimeongeza kikapu."

Ameongeza kikapu. Yaani hata kokwa tusingeweza kuhesabu.

"Lakini mama, si mulipiga kura humo humo?"

Akasimamisha mikono. Akaangalia chungu. Akaangalia dada zake. Dada mumoja akasema, "Mimi niliona zimekwaruzwa. Nikadhani ni panya."

Na hapo, jamani, honi ikalia. Bwana wa chama amefika, matope mpaka masikioni, kumbe na yeye alisukuma. Hakutaka kusikia kitu, alitaka kula. Tungefanya nini? Tukamukaribisha. Amahoro, amahoro. Akapewa bugali na muchuzi, muzee kulia kwake, kijana kushoto kwake, na mimi nikakaa mbele yao nikala pia, maana ningekataa wangeuliza sababu. Nilikula kura ya mujane, nikala ya mupandaji mwenzangu, labda nilikula na yangu mwenyewe. Zilikuwa tamu zote. Sikuweza kuonja tofauti kati ya wanaotaka tubaki na wanaotaka tugeuke.

Bwana wa chama akafuta sahani na tonge la mwisho. "Tangu Usumbura sijala muchuzi kama huu. Haya, kazi. Kura ziko wapi?"

Muzee akanionyesha. Kijana akanionyesha. Watu wote wamezunguka.

Nikasema, "Bwana, umezikula."

"Nini?"

"Umezikula. Na mimi nimezikula. Ile ya mwisho iko kwenye kidole chako."

Hata mbuzi waliacha kutafuna, mpaka tulisikia mawimbi ya upande wa Kongo. Halafu yule bwana akaanza kucheka. Alicheka akaanguka kwenye gurudumu la kamyoneti, akacheka akiwa pale chini. Watu wakacheka kwa sababu yeye anacheka. Wawili tu hawakucheka, muzee na kijana. Na mimi watatu.

Alipopata pumzi akaangalia jua. "Siwezi kulala hapa, nina Kigwena na Nyanza-Lac mbele yangu. Muzee, simama kwenye pipa. Wewe kijana, simama kwenye kamyoneti. Kila mutu aende nyuma ya mutu wake. Sasa hivi."

Wazi. Muchana. Macho yote.

Nimeona vitu vingi maishani, nimeona mamba anapiga chafya, lakini sijaona kitu kama kile. Yule mupandaji mwenzangu, ambaye wiki nzima alikuwa anasema tugeuze, alipiga hatua mbili kuelekea kamyoneti. Halafu akaangalia lundo la ngazi zake. Zamu yake ilikuwa kesho. Akageuka polepole, kama mutu aliyesahau kitu nyumbani, akaenda kwenye pipa. Yule mama wa kuolewa na presi na yeye akaenda kwenye pipa, anaangalia chini. Mumoja, na mwingine, na mwingine. Muzee alishika tu muti wake wa kukorogea, lakini kila mutu alijua kichwani mwake kuna orodha. Kwenye kamyoneti walikuwa wachache, na wengi wao vijana wasio na ngazi.

Mimi nimebaki katikati peke yangu. Na mukono wangu unakumbuka ule uzito.

"Kuja," muzee akasema. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

Binti alikuwa amesimama kwenye mulango wa jiko na mwiko. Nilimuangalia. Hakunisaidia. Hakutikisa kichwa, hakuonyesha na macho, kitu chochote. Nilimuuliza baadaye kwa nini, akasema, nilitaka kuona nitaolewa na nani.

Nikaenda kwenye kamyoneti.

Sijui miguu ilipata wapi hiyo ruhusa. Magoti hayakupiga ngoma. Nilisimama nyuma ya kijana nikaona viatu vyake vimejaa matope.

Hakukuwa na haja ya kuhesabu. Bwana wa chama akaandika jina la muzee, akamupa mukono, akasema hongera. Muzee alikuwa haangalii karatasi. Alikuwa ananiangalia mimi. Akasema kwa sauti ya watu wote kusikia:

"Binti yangu simupi mutu wa kugeukageuka."

Watu wakasema aaah. Na mimi, ambaye mdomo wangu umeniingiza kwenye shida zote za dunia, siku ile ulinitoa kwenye moja. Nikasema:

"Baba, samahani. Wiki nzima umesema vile iko itabaki. Umesema hautageuza kitu. Wote wamesikia, na ndiyo maana wamesimama hapo nyuma yako. Posa yangu ilikuwa imekubaliwa wakati unasema hayo. Sasa jina halijakauka kwenye karatasi, na tayari unageuza?"

Bwana wa chama akapiga kofi kwenye mulango wa kamyoneti. "Muzee, amekushika!"

Nyuma yake, kwenye pipa, watu wake mwenyewe wakaanza kunung'unika, kweli, kweli, alisema. Mujane wa bondeni akasema, "Kama na posa inageuka, zamu yangu je?"

Muzee alikoroga pipa. Lilikuwa tupu, halina moto, alilikoroga kuelekea kulia. Mwisho akasema, si kwa mimi, kwa lile pipa: "Msimu ukiisha, atamuchukua."

Na hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyosema juu yangu mbele yangu. Baada ya hapo, hakuna. Nilioa, akakaa kwenye harusi amegeukia ukuta. Nikapata mutoto wa kwanza, akamubeba, akamwambia mutoto, "Mwambie baba yako nyumba yake inavuja." Mutoto ana siku tatu! Tulikaa ua mumoja. Akihitaji panga alimwambia mbuzi, na mimi nampa mbuzi panga. Ukisema hiyo ni chumvi, sawa, mbuzi ni chumvi. Kunyamaza si chumvi. Alinyamaza na mimi miaka yote ile, uhuru ukaja tukacheza ngoma siku tatu, yeye alicheza upande ule, mimi upande huu.

Na musikie kitu kingine. Mwaka mumoja baada ya kuwa konseye, kamyo ilikuja na mapipa mawili na presi ya chuma. Nani aliyeileta? Muzee. Aliyeizungusha mukono? Kijana wa viatu, muzee mwenyewe alimuita. Mimi? Mimi niliendelea kupanda. Nilipanda miaka kumi na magoti yangu yakipiga ngoma, na kila jioni nikishuka namukuta mke wangu chini ya muti anajifanya anaokota kuni. Kwa hiyo mukiniuliza mutu achague wa kuendelea au wa kugeuza, mimi nasema mupe yule utakayeweza kumukataa mbele ya macho yake na kesho ukapata zamu yako. Muzee, kwa ukali wake wote, hakunirusha zamu hata siku moja. Ilifika, alimwambia mbuzi, mbuzi akaniambia.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji.

Hapo sina chumvi ya kuongeza. Wajukuu wananiomba niwaeleze, nawaambia vile nilivyoona kwa macho, na niliyoona ni machache, maana nilikuwa nakimbia. Mwaka ule haukuuliza nani alisimama kwenye pipa na nani kwenye kamyoneti. Kijana wa viatu, wauaji walimukuta kwenye presi. Mupandaji mwenzangu hatukujua alikwenda wapi.

Asubuhi moja jirani muvuvi alikuja mbio, anasema mutumbwi wake una nafasi, unavuka kwenda upande wa Kongo kwa wajomba zangu, sasa, si baadaye. Mke wangu alifunga watoto, mumoja mugongoni, wengine mukononi. Mama mukwe alikuwa amekufa mwaka uliopita, Mungu alimuhurumia. Nilikimbia kwenye pipa. Muzee alikuwa amewasha moto. Ngazi zinachemka. Zilikuwa za mujane wa bondeni, ilikuwa zamu yake, na mujane mwenyewe hakuwepo tena.

Nikamwambia, "Baba, twende."

Alikoroga.

"Baba, nakuomba. Nitakubeba. Huna uzito, nimebeba vichala vizito kuliko wewe."

Nilipiga magoti kwenye majivu. Nilishika ule muti wake, yeye anavuta kulia, mimi nimeushikilia, tukakaa hivyo. Upande wa barabara kulikuwa na moshi. Ndipo akaniangalia usoni. Hakumtafuta mutoto, hakumtafuta mbuzi.

"Wewe," akasema. "Siku ile chungu kizito kilikuwa cha nani?"

Nikamwambia, "Chekundu, baba."

Akaitika kwa kichwa polepole. "Nilivipima na mimi," akasema. "Kabla yako. Nenda, mupeleke mutoto wangu. Mumoja lazima abaki, huu moto hauwezi kuachwa peke yake."

Akaachia muti. Ulibaki mukononi mwangu, nikamurudishia, akaupokea, akaendelea kukoroga.

Nilikimbia pwani. Mutumbwi ulikuwa umeshasukumwa, niliingia na maji mpaka kifuani. Nikapewa kasia. Mke wangu aliuliza, baba iko wapi, na mimi napiga kasia tu. Akauliza tena, amesema na wewe? Nikasema, ndiyo. Amesema nini? Nikamwambia neno kwa neno. Akafunga mutoto vizuri mugongoni. Halafu akasema, rudia. Nikarudia. Milima ya kwetu ikawa midogo nyuma yetu, na yeye anasema rudia, na mimi, ambaye sijawahi kusimulia kitu mara mbili bila kuongeza, niliyarudia vilevile, bila kugeuza hata neno moja, mpaka tulipofika ng'ambo.